Ridhaa Kabla ya Lebo: Maadili ya Urekebishaji wa Kidijitali wa Picha za Wanamitindo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza suala la kimaadili linalozuka pale picha ya mwanamitindo inaporekebishwa kwa programu ya kompyuta kabla ya kuchapishwa. Mjadala uliopo, hususani ule uliokwisha kuingia katika sheria za Israeli, Ufaransa na Norwe, umelitazama suala hili zaidi kama udanganyifu kwa mtazamaji, na umependekeza lebo ya tahadhari kuwa suluhisho. Makala yanadai kuwa mtazamo huo, ingawa una msingi, unamsahau mtu wa kwanza kuguswa na urekebishaji, yaani yule ambaye sura yake imebadilishwa. Kwa kutumia kisa cha mwigizaji Lupita Nyong'o na jarida la Grazia cha mwaka 2017, na kwa kuegemea dhana ya utu, makala yanaonesha kuwa ridhaa ya anayepigwa picha ndiyo kigezo kinachopaswa kutangulia. Uwazi kwa mtazamaji ni wajibu wa pili, nao hauwezi kuziba pengo la ule wa kwanza.

1.0 Utangulizi

Picha ya mitindo haikamiliki pale kamera inapobonyezwa. Baina ya studio na ukurasa wa jarida ipo hatua nyingine ambayo mtazamaji haioni: picha hupelekwa kwa mrekebishaji, naye huondoa, huongeza, hupunguza na hulainisha kwa kadiri ya maelekezo aliyopewa. Katika hatua hiyo anayepigwa picha kwa kawaida hayupo. Amekwisha kuvua nguo alizovalishwa, amelipwa au anasubiri kulipwa, na amerudi kwake. Maamuzi kuhusu kiuno chake, ngozi yake na nywele zake hufanywa na watu wengine, na yeye huyaona matokeo siku moja na umma.

Swali linaloongozwa na makala haya ni hili: ni nani mwenye mamlaka juu ya sura ya mtu iliyokwisha kunaswa na kamera? Swali hili si geni katika falsafa ya maadili wala katika sheria, lakini katika mjadala wa picha za mitindo limefunikwa na swali jingine, nalo ni kama mtazamaji amedanganywa. Maswali haya mawili yanahusiana, ila si swali moja. Picha inaweza kumdanganya mtazamaji kwa ridhaa kamili ya mwanamitindo, na inaweza pia kumdhulumu mwanamitindo bila mtazamaji hata mmoja kudhurika.

Uchunguzi huu ni wa kimaktaba. Umejikita katika matini za sheria, maamuzi ya vyombo vya usimamizi wa matangazo, taarifa ambazo wahusika wenyewe walizitoa hadharani, na matokeo ya tafiti zilizokwisha kuchapishwa. Haukukusudia kupima kiwango cha urekebishaji katika soko lolote. Umekusudia kufafanua msingi wa kimaadili ambao juu yake kipimo cha namna hiyo kingeweza kusimama.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Katika makala haya, urekebishaji una maana ya mabadiliko yanayofanywa kwa programu ya kompyuta katika picha iliyokwisha kupigwa. Vipodozi, mwanga wa studio, pembe ya kamera na mavazi havimo katika fasili hii, ingawa navyo huathiri mwonekano wa mtu. Sababu ya kuvitenga ni kwamba vyote hivyo hufanyika mbele ya macho ya anayepigwa picha. Anapopakwa poda anajua kuwa anapakwa, na anaweza kusema basi. Urekebishaji wa kidijitali humbadilisha akiwa hayupo.

Si kila urekebishaji una uzito mmoja wa kimaadili. Makala yanapendekeza kuugawa katika aina nne. Aina ya kwanza ni usahihishaji wa kiufundi, kama vile kuondoa vumbi lililonasa kwenye lenzi, au kusawazisha mwanga na rangi ili picha ilingane na kile kilichoonekana studio. Aina ya pili ni uondoaji wa kisicho cha kudumu: chunusi ya siku ile, unywele uliopeperuka, mkunjo wa nguo. Aina ya tatu ni ubadilishaji wa umbo, kama kupunguza kiuno, kurefusha miguu au kunyoosha shingo. Aina ya nne ni ubadilishaji wa alama za utambulisho, yaani rangi ya ngozi, aina ya nywele, umbo la pua, kovu la kudumu, na mikunjo ya umri.

Mgawanyo huu unaafikiana kwa sehemu na kazi ya Eric Kee na Hany Farid wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, iliyochapishwa mwaka 2011. Wataalamu hao walitumia jozi 468 za picha, kila jozi ikiwa na picha ya kabla na ya baada ya kurekebishwa, wakawaomba watu wapime ukubwa wa tofauti kwa kipimo cha 1 hadi 5. Kisha waliunda kanuni ya kihisabati iliyotenganisha mabadiliko ya umbo na mabadiliko ya mwonekano wa ngozi. Mchango wao mkubwa ni kuonesha kuwa urekebishaji ni jambo la kadiri, wala si jambo la ndiyo au hapana. Hata hivyo, kipimo chao hupima umbali baina ya picha mbili. Hakiwezi kueleza kama umbali huo ulikubaliwa na mwenye sura, wala kama kilichobadilishwa ni kitu kidogo machoni pa mpimaji lakini kikubwa kwa mwenyewe. Jambo hili litajitokeza katika sehemu ya 5.0.

3.0 Usuli

Kurekebisha picha hakukuanza na kompyuta. Tangu karne ya 19 wapiga picha walichora juu ya negativu kwa penseli na brashi ili kupunguza mikunjo na madoa ya uso. Kazi hiyo ilihitaji mkono wa fundi na muda mwingi, na kwa hiyo ilijiwekea mipaka yenyewe. Mwaka 1990 kampuni ya Adobe ilipotoa toleo la kwanza la programu ya Photoshop, mipaka hiyo ilianza kuondoka. Mwaka 2000 programu hiyo iliongezewa zana inayomwezesha mtumiaji kusukuma na kuvuta sehemu ya picha kana kwamba ni udongo laini, na tangu hapo kubadili umbo la mwili kukawa kazi ya dakika chache.

Wepesi huo ulizaa makosa yaliyoonekana wazi. Mwaka 2003 toleo la Uingereza la jarida la GQ lilimchapisha Kate Winslet jaladani akiwa amepunguzwa miguu, naye akasema hadharani kuwa hafanani na picha ile wala hatamani kufanana nayo. Mwaka 2009 tangazo la kampuni ya Ralph Lauren lilimwonesha mwanamitindo Filippa Hamilton akiwa na kiuno chembamba kuliko kichwa chake, na kampuni ilikiri kuwa kazi hiyo ya urekebishaji ilikuwa mbaya. Mwaka 2015 msanii Zendaya, akiwa na umri wa miaka 19, alichapisha picha yake halisi kando ya ile iliyotolewa na jarida la Modeliste, ambamo nyonga na kiwiliwili chake vilikuwa vimepunguzwa. Jarida liliziondoa picha hizo.

Katika visa hivi vitatu kuna jambo la kuzingatia. Kilichoonekana zaidi katika mjadala uliofuata ni athari ya picha kwa wasichana wanaoisoma. Athari hiyo ni ya kweli na inastahili kushughulikiwa. Lakini Winslet na Zendaya walipolalamika, jambo la kwanza walilolieleza lilihusu wao wenyewe: mwili ule ulichapishwa kwa jina langu, nao si wangu.

4.0 Hoja ya Udanganyifu na Suluhisho la Lebo

Hoja iliyotawala sera za nchi mbalimbali ni kwamba picha iliyorekebishwa ni kauli ya uongo. Nchini Uingereza hoja hii imetumika kwa njia ya kanuni za matangazo. Mwaka 2011 Mamlaka ya Viwango vya Matangazo ya nchi hiyo ilipiga marufuku matangazo mawili ya kampuni ya L'Oréal, moja la chapa ya Lancôme lililomtumia Julia Roberts na jingine la chapa ya Maybelline lililomtumia Christy Turlington, kufuatia malalamiko ya mbunge Jo Swinson. Msingi wa uamuzi ulikuwa kwamba kampuni haikuthibitisha kuwa picha hizo ziliwakilisha kwa usahihi matokeo ambayo kipodozi kingeweza kuyaleta. Aliyelindwa hapa ni mnunuzi wa kipodozi.

Nchi nyingine zilikwenda mbali zaidi kwa kutunga sheria mahususi. Israeli ilipitisha sheria mwaka 2012, ikaanza kutumika mwaka 2013. Sheria hiyo inataka tangazo lenye picha iliyorekebishwa ili mwanamitindo aonekane mwembamba libebe tahadhari isiyopungua asilimia 7 ya eneo la tangazo. Ufaransa iliingiza kifungu kama hicho katika sheria yake ya afya ya tarehe 26 Januari 2016, na utekelezaji ukaanza tarehe 1 Oktoba 2017. Picha ya kibiashara ambayo umbo la mwanamitindo limefanywa jembamba au nene kwa programu ya kompyuta hulazimika kubeba maneno yanayoeleza kuwa imerekebishwa. Anayekiuka hutozwa faini ya euro 37,500, nayo inaweza kuongezwa hadi asilimia 30 ya gharama za tangazo. Norwe ilifuata, na sheria yake ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2022. Pamoja na umbo na ukubwa wa mwili, Norwe imeongeza mabadiliko ya ngozi, na imewajumuisha watu wenye ushawishi mitandaoni wanaolipwa kutangaza bidhaa.

Sheria hizi zina thamani. Zimetamka rasmi kuwa picha ya mitindo si mchezo usio na matokeo, na zimeihusisha na afya ya umma. Hata hivyo, lebo kama suluhisho la msingi ina upungufu wa namna tatu.

Upungufu wa kwanza unahusu ufanisi. Kwa mujibu wa nadharia ya ulinganishi wa kijamii iliyoasisiwa na Leon Festinger mwaka 1954, mtu hujipima kwa kujilinganisha na wengine. Waliotetea lebo walitarajia kuwa msomaji akijua picha si halisi ataacha kujilinganisha nayo. Majaribio ya Marika Tiggemann na wenzake nchini Australia, yaliyochapishwa kuanzia mwaka 2013, hayakuthibitisha matarajio hayo. Lebo haikupunguza hali ya kutoridhika na mwili miongoni mwa wanawake walioshiriki, na kwa wale wenye mazoea makubwa ya kujilinganisha, lebo iliyotaja sehemu mahususi ya mwili iliweza hata kuizidisha. Maelezo yanayokubalika kiakili ni kwamba lebo inayotaja paja humwelekeza msomaji alitazame paja.

Upungufu wa pili unahusu mawanda. Sheria za Israeli na Ufaransa zinahusu unene na wembamba. Norwe imeongeza ngozi. Hakuna hata moja kati ya sheria hizi tatu inayotaja nywele. Aidha, zote zinalenga matangazo ya biashara, ilhali sehemu kubwa ya picha zenye hadhi ya juu katika tasnia ya mitindo huwa katika majalada na kurasa za uhariri.

Upungufu wa tatu ndio mzito zaidi, nao unahusu mwelekeo. Lebo humweleza mtazamaji kuwa kuna kitu kimebadilishwa. Haimuulizi aliyebadilishwa. Mchapishaji akishabandika lebo ametimiza wajibu wake wote kisheria, hata kama mwanamitindo alikataa waziwazi mabadiliko hayo.

5.0 Kisa cha Lupita Nyong'o

Mwezi Novemba 2017, wiki chache tu baada ya sheria ya Ufaransa kuanza kutumika, toleo la Uingereza la jarida la Grazia lilitoka likiwa na Lupita Nyong'o jaladani. Lupita ni mwigizaji Mkenya aliyezaliwa Mexico na kulelewa Kenya, na mwaka 2014 alipata tuzo ya Oscar kwa nafasi yake katika filamu ya 12 Years a Slave. Katika picha ya jaladani, fungu la nywele zake za asili lililokuwa limefungwa kisogoni lilifutwa, na nywele zilizobaki zikalainishwa. Lupita alichapisha katika mtandao wa Instagram picha za kabla na za baada. Alieleza kuvunjika moyo kwake, akasema kuwa nywele zake zimefinyangwa ili zikubaliane na dhana ya wengine kuhusu nywele nzuri, na kwamba laiti angeulizwa angewaeleza kuwa hawezi kuunga mkono kufutwa kwa asili yake.

Jarida liliomba radhi. Lilieleza pia kuwa halikumwagiza mpiga picha abadili nywele hizo, wala halikuzibadili lenyewe. Mpiga picha naye alitoa taarifa ya kuomba radhi na kukiri uzito wa kosa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mwanamuziki Solange Knowles alikuwa amekutwa na jambo la aina hiyohiyo: msuko uliozunguka juu ya kichwa chake ulifutwa katika jalada la jarida la gazeti la Evening Standard la London.

Visa hivi viwili vinaweka wazi mambo manne. Kwanza, kwa kipimo cha umbali baina ya picha mbili, mabadiliko yalikuwa madogo. Mwili haukuguswa, na msomaji asiyejua asingegundua chochote. Pili, hakuna mteja aliyedanganywa kuhusu bidhaa yoyote, kwani jalada la jarida si tangazo la mafuta ya nywele. Tatu, hata kama sheria ya Ufaransa ingekuwa inatumika London, isingeyagusa majalada haya, kwa kuwa nywele si umbo la mwili na jalada si tangazo. Nne, na hili ndilo kiini, hata kama lebo ingebandikwa, malalamiko ya Lupita yangebaki vilevile. Hakulalamika kuwa wasomaji hawakuarifiwa. Alilalamika kuwa hakuulizwa.

Maelezo ya jarida kwamba halikutoa agizo nayo yana funzo. Picha ilipita mikononi mwa watu kadhaa, na mabadiliko yakafika jaladani bila ya chombo kilichochapisha kukiri kuyaagiza. Pale ambapo ridhaa haijawekwa kuwa hatua ya lazima, lawama hutawanyika na hakuna anayewajibika mwanzoni. Wote huomba radhi mwishoni.

6.0 Ngozi, Nywele na Uzito wa Historia

Inawezekana kuhoji kwa nini nywele zipewe uzito kuliko paja. Jibu lipo katika historia ya upigaji picha wenyewe. Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, ameeleza jinsi kampuni ya Kodak ilivyotumia kwa miongo mingi kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe. Rangi zilizoifaa ngozi yake ndizo zilizokuwa sahihi kwa maabara za kusafishia picha, na watu weusi katika picha hizohizo walitoka kama vivuli. Roth anaeleza kuwa miongoni mwa waliochochea marekebisho ya filamu hizo ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kuwa rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani pichani. Hii ina maana kwamba kamera haikuanza katika hali ya kutopendelea. Mrekebishaji anayeng'arisha ngozi au kulainisha nywele anaendeleza, pengine bila kujua, kipimo kilichokuwapo kabla yake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki suala hili halipo mbali. Vipodozi vya kuchubua ngozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Kenya na Tanzania, lakini mkorogo bado unajulikana kwa jina katika miji yetu, na madhara yake huonekana hospitalini. Si sahihi kudai kuwa picha za majarida ndizo chanzo pekee cha tabia hiyo, kwa kuwa chimbuko lake ni pana na la zamani. Inatosha kusema kuwa picha inayomng'arisha mwanamke mweusi bila idhini yake inarudia, kwa kalamu ya kompyuta, hukumu ileile ambayo mkorogo huitekeleza kwa kemikali: kwamba alivyo hatoshi. Tofauti ni kwamba anayejichubua ameamua mwenyewe, hata kama ameamua kwa shinikizo. Anayechubuliwa pichani hakuamua.

7.0 Utu na Ridhaa

Dhana ya utu katika Kiswahili inatupatia lugha ya kulieleza kosa hili. Utu ni hali ya kuwa mtu na pia ni mwenendo unaompasa mtu kwa wenzake. Kumnyima mtu utu si lazima kumpiga au kumtukana. Inatosha kumfanya kitu, yaani kumtendea jambo linalomhusu kana kwamba hana kauli. Immanuel Kant alilieleza wazo la karibu na hili aliposema kuwa binadamu asitumiwe kama njia tu ya kufikia lengo la mwingine. Mwanamitindo hukodishwa ili aoneshe nguo, na katika hilo hakuna dhuluma. Dhuluma huanza pale mkataba wa kuonesha nguo unapochukuliwa kuwa ni ruhusa ya kumuumba upya.

Pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba mwanamitindo hutia saini mkataba na kwa hiyo ridhaa imekwisha kutolewa. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama pande mbili zingekuwa na uwezo sawa. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya: mtu huona vigumu kukataa anapokuwa ana kwa ana na yule anayemwomba. Kijana anayeanza kazi, mbele ya wakala, mpiga picha na mwakilishi wa kampuni, ana sababu zaidi ya haya ya kunyamaza, kwani riziki yake i mikononi mwao. Katika shauri la tangazo la Lancôme lililotajwa hapo juu, iliripotiwa kuwa kampuni haikuwasilisha picha ambazo hazijarekebishwa kwa sababu ya masharti ya mkataba wake na Julia Roberts. Kwa hiyo nyota ana uwezo wa kuweka masharti juu ya matumizi ya picha zake. Chipukizi hana. Ridhaa ya jumla inayotolewa kabla ya picha kupigwa, na bila kujua nini kitabadilishwa, ni ridhaa ya kitu kisichojulikana.

Pingamizi la pili ni kwamba upigaji picha wa mitindo ni sanaa, na sanaa haifungwi na uhalisia. Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu. Picha inayomwonesha mtu akiwa na mabawa haimdanganyi yeyote na inaweza kuwa kazi bora. Lakini uhuru wa msanii juu ya kazi yake haumpi umiliki wa mwili wa mtu mwingine. Kinachotakiwa na makala haya si kuzuia ubunifu bali kumshirikisha yule ambaye ubunifu huo unafanywa juu yake.

Pingamizi la tatu ni kwamba wapo wanamitindo wanaoomba wenyewe warekebishwe. Hili linaimarisha hoja ya ridhaa badala ya kuidhoofisha. Anayeomba kovu lake liondolewe ametumia mamlaka yake. Wajibu kwa mtazamaji unabaki, na hapo ndipo lebo inapopata nafasi yake halali.

Mwelekeo wa sheria umeanza kuitambua ridhaa, ingawa kwa tahadhari. Sheria ya wafanyakazi wa mitindo ya jimbo la New York, iliyotiwa saini Desemba 2024 na kuanza kutumika Juni 2025, inataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuundwa au kutumiwa kwa nakala ya kidijitali ya mwanamitindo kwa akili mnemba. Ridhaa hiyo ni lazima itaje mawanda, madhumuni, malipo na muda. Hata hivyo, fasili ya nakala ya kidijitali katika sheria hiyo imeyatenga marekebisho ya kawaida ya picha. Matokeo yake ni pengo: sheria za Ulaya zinagusa urekebishaji bila ridhaa ya mwanamitindo, na sheria ya New York inagusa ridhaa bila urekebishaji wa kawaida. Kisa cha Lupita kinaangukia katikati.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mhusika haki ya kusahihishiwa data za uongo au za kupotosha zinazomhusu, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alizitoza faini taasisi zilizochapisha picha za watu bila ridhaa yao. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hizi hazikutungwa kwa ajili ya majarida ya mitindo. Lakini kama picha ya mtu anayetambulika ni data yake, basi kuna hoja inayostahili kujaribiwa kwamba picha iliyombadilisha bila idhini ni data ya kupotosha, na kwamba ana haki ya kudai irekebishwe.

8.0 Vigezo Vinavyopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza vigezo vitatu vya kupimia uadilifu wa picha iliyorekebishwa, kwa mpangilio wa uzito wake.

Cha kwanza ni ridhaa mahususi. Marekebisho ya aina ya tatu na ya nne, yaani ya umbo na ya alama za utambulisho, yaidhinishwe na anayepigwa picha baada ya kuoneshwa picha ya mwisho na kabla ya kuchapishwa. Marekebisho ya aina ya kwanza na ya pili yanaweza kutosheka na ridhaa ya jumla. Mgawanyo huu utawaepusha wachapishaji na mzigo wa kuomba idhini kwa kila chunusi.

Cha pili ni kumbukumbu. Picha halisi ihifadhiwe pamoja na maelezo ya nani aliagiza badiliko gani. Bila kumbukumbu hiyo, hali iliyoonekana katika kisa cha Grazia, ambapo badiliko lilichapishwa bila ya mwagizaji kujulikana mara moja, itaendelea.

Cha tatu ni uwazi kwa mtazamaji. Lebo ibaki katika matangazo, lakini ieleweke kuwa ni taarifa ya haki kwa mnunuzi. Isitarajiwe kuponya hali ya mtu kuuchukia mwili wake, na isitumike kama kibali cha kumbadilisha mwanamitindo aliyekataa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa mjadala wa urekebishaji wa picha za mitindo umekuwa ukiuliza swali la pili kabla ya la kwanza. Ukweli kwa mtazamaji ni muhimu, na sheria zilizotungwa kuulinda hazipaswi kudharauliwa. Lakini kabla picha haijawa ujumbe kwa msomaji, ni sura ya mtu. Mtu huyo ana jina, ana wazazi waliompa rangi na nywele zake, na ana haki ya kuulizwa. Tafiti zijazo zinaweza kuchunguza mikataba inayotumika baina ya mawakala na wanamitindo katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam, ili kubaini kama neno urekebishaji limo ndani yake, limefasiliwa vipi, na mwanamitindo amepewa nafasi gani ya kusema hapana.